Tawi la Shimo la 16

Mpira wa gofu ukigonga mti hutoa sauti, na sauti hiyo ina habari. Ukigonga shina la muhugu, ule mti mgumu unaopendwa na wachonga vinyago wa Ukambani, utasikia "ko!" kavu na fupi. Hapo ujue mpira umerushwa mbali, pengine nyuma yako. Ukiingia kwenye majani ya mukinduri utasikia mchakacho, kisha kimya, kisha unateremka ukigonga tawi moja hadi jingine. Huo utaukuta chini ya mti wenyewe. Sauti mbaya ni ya mkaratusi: kishindo kimoja hafifu huko juu kabisa, halafu basi. Kedi wangu, mzee anayenibebea mkoba wa fimbo, husikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hahangaiki kutazama mpira umeelekea wapi, kisha anaanza kutembea. Sisi bado tunabishana umeingilia upande gani, yeye keshasimama juu yake.

Nacheza kwenye klabu moja ya Nairobi. Jina silitaji, kwa sababu huko mbele nitaisema, na Jumanne ijayo nataka askari wa getini anifungulie kama kawaida. Jumanne ndiyo siku ya akina mama, hapa kwetu na katika klabu nyingi za Kenya. Jumatatu wanachama hawachezi. Uwanja ni wa makedi. Anayetaka kujua ni nani hasa anayeujua uwanja aje Jumatatu. Atawakuta wazee kwa vijana wakiwa na fimbo chache za kuazimana, nyingine imefungwa utepe shingoni, nao wanapita katikati ya miti ile bila makelele na kumaliza kwa mikwaju sabini na kitu. Sisi wenye mikoba iliyojaa fimbo zote 14 zinazoruhusiwa tunapigiana makofi tukishuka chini ya mia.

Kwa msomaji ambaye gofu ameiona tu kwenye televisheni akitafuta mpira wa miguu: kila shimo huanzia kwenye tii, linapita feawei, yaani ukanda wa nyasi zilizokatwa, na kuishia kwenye grini, ambapo nyasi zimenyolewa hadi karibu na udongo na pana kikombe chenye upana wa milimita 108. Pa ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji mzuri. Yanayobaki yote ni namna ya kukuzuia usifike. Kuna viwanja vinavyokuzuia kwa maji, vingine kwa mchanga. Chetu kinakuzuia kwa miti. Feawei zetu ni vichochoro, na kutoka shimo la pili hadi la 17 hakuna mahali unaposimama ukaona upeo wa macho.

Waskoti waliouanzisha mchezo huu hawakuujua hivi. Uwanja wao wa kale wa St Andrews uko kando ya bahari, juu ya mchanga, na mtu anaweza kuuzunguka bila kukutana na mti wa maana. Kule mlinzi ni upepo. Nairobi haina upepo wa bahari, lakini ilikuwa na msitu, na Waingereza walipoanza kuchora viwanja vyao hapa msitu ukapewa kazi ya upepo. Royal Nairobi ilianza mwaka 1906, wakati mji wenyewe haujafikisha hata miaka kumi. Muthaiga iko jirani na msitu wa Karura. Klabu ya Karen ilifunguliwa mwaka 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, miaka michache baada ya shamba kushindwa na mwenyewe kurudi Denmark. Windsor, iliyokuja baadaye sana, ilipenyezwa ndani ya msitu wa asili, na ukicheza pale utaelewa neno kupenyeza.

Kwa hiyo miti yetu ni ya ukoo mchanganyiko. Mihugu na mikinduri ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria gofu. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu reli ya Uganda ilikuwa inakula kuni na mti huu hukua haraka. Mgrevilea nao wa Australia, ulipandwa kukinga kahawa na jua. Mijakaranda ni ya Amerika Kusini. Ikifika Oktoba inamwaga maua ya zambarau kwenye grini, nawe unaputi, yaani unausukuma mpira kuelekea kikombe, huku unapangusa. Na katika miaka yote hiyo ya kupanda na kuchora, Mwafrika aliingia kwenye viwanja hivi kama kedi, mpishi au mkata nyasi. Babu zetu waliijua miti hii kwa kuwabebea watu mikoba chini yake. Ujuzi huo umerithiwa mpaka leo, ila si na wale wanaokaa kwenye kamati.

Shimo la kwanza sina la kusema. Ni pana, linakukaribisha, linakudanganya.

La tatu ndipo uwanja unapoanza kukuuliza maswali. Ni pa 4 inayokunja kona kushoto, na kwenye kona umesimama mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Mti huo hautakatwa na kamati yoyote, si leo si kesho. Mkikuyu atakayeshika msumeno kuukata mugumo bado hajaajiriwa pale, na asiye Mkikuyu ameshaonywa. Vijana huwa wanataka kuuruka. Wanasema hewa ya Nairobi ni nyepesi, na ni kweli: tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mpira ambao Nyali, kule Mombasa, ungekwenda mita 200 hapa unaongeza kumi na kitu. Basi mtu anatoa draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, anauelekeza mpira juu ya mti, na hewa nyepesi inautendea haki mpira uliopinda kama inavyoutendea ulionyooka. Nao unakwenda mbali zaidi. Wanaokuja kutoka Mombasa kwa mashindano hulipa kodi hiyo kwenye shimo la tatu kabla hawajaizoea baridi.

Mimi nguvu hizo sina. Mpira wangu hauruki mugumo, kwa hiyo sikuwahi kuwa na kishawishi. Napiga hadi mwisho wa njia iliyonyooka, nasimama pale kona, nalitazama grini, napiga tena. Akina mama wa rika langu wengi tunacheza hivyo, na ndiyo maana nawaambia wageni kwamba uwanja wa miti, tofauti na wanavyodhani, ni uwanja wa mtu asiye na nguvu. Unampa adhabu yule anayeweza kufika mahali ambapo hakupaswa kuwa.

Ukitaka ushahidi wa watu wanaolipwa, nenda kutazama Kenya Open. Mashindano haya yalianza mwaka 1967, na kuanzia 2019 yamo katika ratiba kuu ya Ulaya. Yamechezwa Karen, yamechezwa Muthaiga, vyote viwanja vya vichochoro. Usisimame grinini na umati. Simama nyuma ya tii uone wanachokitoa mkobani. Vijana wanaoweza kuupeleka mpira mita 300 wanatoa chuma, fimbo isiyofika mbali kama draiva, wanapiga mita 210, wanaridhika, wanatembea.

Shimo la saba nitakaa nalo kidogo. Ni pa 5 ndefu. Kushoto pana mikaratusi iliyopandwa kwa mstari na mzungu aliyependa rula. Kulia ni kichaka chenyewe, cha asili, giza. Siku ninayoikumbuka nilikuwa nacheza na binti mmoja aliyekuwa mchezaji wa hoki chuoni, mikono yake ina nguvu kuliko ya wanaume wengi wa klabu, na wote wawili mipira yetu ikaingia kulia, hatua chache kutoka mwenziwe.

Chini ya mukinduri ni mahali pa namna yake. Majani yake makavu yana upande mmoja wa rangi ya fedha, kwa hiyo sakafu nzima inameta na mpira mweupe unapotea ukiwa mbele ya macho yako. Katikati ya majani kuna mbegu zake, ngumu, za ukubwa wa gololi ya mtoto ya kuchezea au zaidi, zinazoteleza chini ya kiatu. Tuna dakika tatu tu za kuutafuta mpira. Zamani zilikuwa tano, sheria ikabadilishwa mwaka 2019, na waliobadilisha nadhani hawajawahi kutafuta kitu chini ya mukinduri. Kedi wangu aliuona wangu akiwa bado yuko kwenye feawei. Ulikuwa umekaa juu ya mbegu mbili, jani moja limeuegemea.

Hilo jani unaruhusiwa kuliondoa. Lakini mpira ukisogea hata upana wa ukucha wakati unaliondoa, ni mkwaju mmoja wa adhabu. Tawi lililo nyuma ya mabega yako huruhusiwi kulivunja ili upate nafasi ya kuzungusha fimbo. Ni mikwaju miwili. Unaweza kutangaza kwamba mpira hauchezeki, ukalipa mkwaju mmoja, ukauangusha kando kwa urefu wa fimbo mbili, ila kwenye kichaka kile fimbo mbili zinakutoa chini ya mti mmoja na kukuweka chini ya mwingine. Nikachuchumaa pamoja na mzee kutazama.

Mbele palikuwa na mlango. Mashina mawili, na katikati yake mwanga, na mbali kule, ndani ya mwanga, bendera ya grini.

"Mzee wangu, pale si panapita?"

"Panapita, mama. Hata ng'ombe anapita. Mpira ndio sijui."

Nikamwambia ule msemo wa wanagofu wa dunia nzima, kwamba mti ni hewa asilimia tisini.

"Ile kumi iliyobaki," akasema, "ndiyo inayokuona wewe."

Kisha akanipa chuma cha saba bila kuulizwa, akanionyesha kwa kidevu. Kando. Siyo mbele hata kidogo. Kando kabisa, karibu na nyuma, mahali ambapo kichaka kinakatika na feawei inaonekana kwa upana wa mlango wa matatu. Ningekuwa peke yangu ningechukua chuma cha nne, fimbo yenye uso uliosimama, nikaubiringisha mpira chini chini. Mzee alikataa kwa sababu ya nyasi. Kati ya kichaka na feawei kuna ukanda usiokatwa wa nyasi ziitwazo kikuyu, na nyasi hizi haziachii kitu kinachobiringika. Zinaukamata mpira na kuuzamisha. Kwa hiyo mpira lazima uruke chini ya matawi lakini juu ya nyasi, mita moja na nusu kutoka ardhini, si zaidi, na utue kwenye feawei. Mpira nyuma karibu na mguu wa kulia, mikono mbele, fimbo isivuke kiuno kwenda wala kurudi. "Usiutazame unakokwenda," akasema, "mimi ninautazama."

Uliruka, ukatua, ukasimama. Nilikuwa nimeusogeza kuelekea shimoni mita sifuri. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Binti wa hoki alikuwa ameuona mlango ule ule. "Anti, mimi hapa nitapita," akasema, na kedi wake, kijana, akakaa kimya kama wanavyofanya vijana wakiwa bado hawana uhakika wa bakshishi. Alipiga vizuri sana. Ile "ko!" ya muhugu ilisikika hadi shimo la nane. Mpira ulirudi ukapita kati yetu usawa wa magoti, ukaingia ndani zaidi, na dakika tatu zikaisha. Mimi nilimaliza kwa sita, yeye kwa kumi. Tulipokuwa tunaelekea tii inayofuata akaniuliza, bila hasira, ninawezaje kuupiga mpira kando wakati shimo liko mbele. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia umri.

Na nyasi zenyewe zinastahili neno. Kikuyu ni za kwetu, za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri kuliko wengi wetu. Ziko Afrika Kusini, ziko Australia, na kule California uwanja wa Riviera, ambako nyota wa Marekani hucheza karibu kila mwaka, unajulikana kwa nyasi hizi. Nimewasikia watangazaji wakiwahurumia wachezaji wa kule kwamba wamekutana na "kikuyu". Sisi tunawafyekea ng'ombe. Kwenye feawei zinaunyanyua mpira vizuri; pembeni ni mtego; na mvua za Aprili zikishaanza, mkata nyasi akichelewa siku mbili, unaweza kuukanyaga mpira usijue.

Ninaporudi nyumbani na kusimulia kwamba nimepiga kando, mume wangu hunikumbusha Seve Ballesteros, yule bingwa wa gofu wa Uhispania. Ni kweli, kuna watu walioumbwa kwa ule mlango. Ballesteros alichukua Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa mashindano ya The Open huko Uingereza, ambako siku ya mwisho aliupiga mpira ukatua kwenye maegesho ya magari na bado akamaliza shimo lile kwa mkwaju mmoja chini ya pa. Kwake, mashina mawili na mwanga katikati yalikuwa barabara kuu. Ila mume wangu husahau sehemu moja. Ballesteros alianza kama kedi kijijini kwao Pedreña, akijifunza kwa fimbo moja. Alikuwa mtu wa Jumatatu. Mtu wa Jumatatu akikuambia mpira unapita, unapita.

Shimo la 11 ni fupi, pa 3, na linamilikiwa na tumbili. Wanakaa kwenye mgrevilea juu ya grini wakisubiri ndizi za wachezaji, na wakikosa ndizi huchukua mpira. Sheria iko wazi: ukiwa na uhakika kwamba mnyama ameuchukua, unaweka mwingine pale ulipokuwa, bila adhabu. Kinachohitaji busara ni kukubaliana ulikuwa wapi. Nimeshuhudia marafiki wa miaka mingi wakikosana pale, na tumbili juu anaugeuza mpira mkononi akiunusa.

Sasa nifike kwenye la kusema.

Uwanja wa wanaume na uwanja wa wanawake ni kitu kimoja, isipokuwa tii. Wao wanaanzia nyuma, kwenye alama nyeupe au njano. Sisi mbele kidogo, kwenye alama nyekundu. Ukiangalia kwenye karatasi tumependelewa. Ukisimama pale unaona jambo jingine. Mpira wa mwanamume unapofika usawa wa tii yetu tayari uko juu, unapita juu ya kila kitu. Sisi tunaanzia pale chini, na mpira wetu unahitaji nafasi ya kupanda. Miti hukua. Matawi hukua kuelekea kwenye mwanga, na mwanga uko kwenye feawei. Shimo la 16, mkaratusi mmoja wa kulia uliteremsha tawi lake mwaka baada ya mwaka mpaka likawa limekaa mbele ya tii nyekundu, mita thelathini hivi, usawa wa mpira wetu unapopanda. Kwenye tii nyeupe tawi hilo halipo. Mwanamume anaweza kucheza shimo hilo miaka ishirini asilione. Na wanaoamua mti gani upogolewe ni wanaume wa tii nyeupe.

Tuliandika barua. Jibu lilikuja kwa heshima zote, kwamba klabu inathamini urithi wake wa miti.

Hapo nilicheka, kwa sababu kuna kisa mashuhuri kinachofanana. Augusta National, uwanja wa mashindano ya Masters huko Georgia, Marekani, ulikuwa na msonobari mkubwa kwenye shimo la 17. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani na mwanachama, aliugonga mara nyingi mno hivi kwamba kwenye mkutano wa klabu mwaka 1956 alisimama kupendekeza ukatwe. Mwenyekiti Clifford Roberts aliuahirisha mkutano papo hapo. Mti ukaitwa kwa jina la rais, ukaendelea kusimama hadi Februari 2014, barafu ilipoulemea matawi na kulazimu uondolewe. Kama rais hakusikilizwa, mimi nani?

Lakini si kila klabu inafikiri hivyo. Oakmont, Pennsylvania, ilianza miaka ya 1990 kukata miti yake, mwanzoni kimyakimya ili wanachama wasipige kelele, na haikuacha mpaka maelfu yameondoka. Uwanja ulivyo sasa unaonekana mwisho hadi mwisho, na bado unaogopwa na wachezaji bora duniani. Walikuwa na sababu za shamba kabisa: grini iliyo kivulini haipati jua la asubuhi, umande haukauki, ukungu unaingia, nyasi zinakufa, na mizizi inakunywa maji ya nyasi. Hapa kwetu grini ya 14 inaumwa ugonjwa huo huo. Upande wa mashariki umezibwa na mikaratusi, saa nne bado pamelowa, na mnamo Julai inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kila mwaka wanapanda nyasi upya. Kila mwaka zinakufa upya.

Kwa hiyo mimi si mtetezi wa kila mti. Kama ningepewa msumeno, mikaratusi ya rula kwenye la saba na ile ya la 14 ningeiondoa na kuipanda mihugu mahali pake, ingawa muhugu hukua polepole mno na nitakuwa sipo. Mkaratusi mkubwa una tabia ya kuangusha tawi zima mchana kweupe bila upepo, na makedi hawakubali kukaa chini yake kula. Ungewauliza wangekwambia. Nilimuuliza mzee wangu, tukiwa tunasubiri kundi la mbele litoke grinini, akanihesabia uwanja mzima kwa vidole: huu umeoza ndani, gonga usikie, huu una nyuki, wasiuguse hadi Agosti, huu ni mzima lakini mizizi imeinua grini, ndiyo maana mpira wa la tano unapinda pasipo na mteremko, ule wa la tisa watu wanauchukia lakini ukiukata, gari la barabarani litapigwa mpira. Hakuna mtu wa kamati aliyewahi kumuuliza. Yuko pale tangu akiwa mvulana.

Niliyaandika yote nyuma ya kadi ya alama. Tukaandika barua ya pili, safari hii tukaacha kulalamika juu ya tawi. Tuliorodhesha miti, namba ya shimo, kasoro yake na hatari yake, tukasema wazi kwamba orodha imetoka kwa makedi, na tukapendekeza kamati itembee uwanja Jumatatu moja pamoja nao, ikianzia tii nyekundu. Bwana mmoja wa kamati, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, alikuja. Alisimama kwenye tii yetu ya 16 akatazama mbele, akainama kidogo, akatazama tena. "Hili tawi limeanza lini?" akauliza. Mzee wangu akamtajia mwaka.

Lilikatwa kabla ya mwezi kwisha. Ule wenye mizizi wa la tano ulichimbiwa mtaro kando ya grini kuizuia mizizi. Mikaratusi ya 14 bado imesimama, ina alama za rangi nyeupe mashinani, na kila mtu ana nadharia yake kuhusu maana ya alama hizo. Mzee anasema alama za rangi amewahi kuziona zikififia mpaka zikaisha.

Jumanne iliyofuata tulifika la 16 kwa shangwe. Mbele wazi, mbingu nzima. Binti wa hoki akapiga wa kwanza, mpira mzuri, wa juu, pale pale ambapo tawi lilikuwa, na ukatua katikati ya feawei, ukashika mteremko, ukaanza kubiringika kulia, polepole, mpaka ukaingia kwenye bunka, lile shimo la mchanga, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulifikia. Wa pili naye. Wangu naye. Mzee akaliinua reki lililokuwa limelala pembeni, halijatumika siku nyingi, akaanza kuondoa buibui.

Sasa wenzangu wanataka barua ya tatu, kuhusu bunka.